Kwa Nini Msikiti Umekaa Kimshazari

Watoto wa huku kwetu Shari, karibu na Bunia, Ituri, hawapitwi na kitu. Wiki iliyopita wanne wao walinikuta nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, nakwangua saruji kavu kwenye mwiko wangu wa zamani. Mmoja akanyoosha kidole kuelekea msikiti mdogo wa matofali ulio kando ya barabara.

“Babu,” akasema, “fundi aliyejenga ule alikuwa amelewa?”

Nikatazama. Kweli, ukiutazama kwa macho ya mtoto, utasema hivyo. Nyumba zote za upande ule zimepangana na barabara, ukuta wa mbele sambamba na mtaro. Msikiti peke yake umekaa kimshazari, bega moja limetangulia, kama mtu anayepita katikati ya umati. Kati ya ukuta wake na barabara kumebaki kipande cha ardhi chenye pembe tatu, na mama mmoja amepanda sombe pale, maana ardhi haitupwi.

“Hakuwa amelewa,” nikamwambia. “Fundi alikuwa mimi.”

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Basi ikabidi niwaeleze, na maelezo yenyewe yakachukua jioni tatu, kwa sababu ukianza na ule ukuta uliopinda unajikuta umefika Zanzibar, Timbuktu na Kampala kabla hujarudi nyumbani. Nawaandikia na ninyi ambao hamkuwepo.

Kwanza mjue kwamba mimi ni Mkatoliki, na Jumapili mnaniona misani. Lakini mwashi hujengea watu wote. Nilipopewa kazi ile nilikuwa kijana, nina haraka, na nilijiona najua kila kitu. Nikapiga vigingi, nikavuta kamba sambamba na barabara kama nilivyofundishwa, nikaanza. Siku ya pili nilikuwa na mistari miwili ya matofali, imenyooka kiasi kwamba ungeweza kuweka yai juu yake. Akaja mzee mmoja wa Kiislamu na mkeka wake chini ya kwapa. Akautandika katikati ya msingi, akasimama juu yake, akautazama ukuta wangu, akautazama mkeka. Mkeka ulielekea huku, ukuta wangu ulielekea kule.

“Fundi,” akasema kwa upole kabisa, “kazi yako safi. Sasa ibomoe.”

Nilibomoa. Ndipo nilipojifunza neno kibla.

Kibla ni uelekeo wa Kaaba, ile nyumba yenye umbo la mchemraba iliyoko katika mji wa Makka, Saudi Arabia. Mwislamu popote alipo duniani anaposwali huelekea huko. Kwa hiyo msikiti hauanzi na kuta. Unaanza na mstari usioonekana, unaotoka pale mtu aliposimama hadi Makka, na ukuta wa mbele hukatiza mstari huo kama herufi T. Katikati ya ukuta huo huwekwa kishubaka, mahali pa kusimama imamu. Kishubaka hicho huitwa mihrabu, na watu wengi wa pwani hukiita kibla vilevile. Barabara ilichorwa na watu wa serikali kwa sababu zao. Mstari wa kibla haujali barabara.

Kutoka hapa Bunia hadi Makka, kama ungekuwa kunguru, ni kilomita 2,440 hivi. Simama uso ukiwa kaskazini, halafu geuka kidogo kuume, robo ya njia kuelekea mawio ya jua. Hapo ndipo. Nyuma ya vile vilima, juu ya Sudan, ng'ambo ya Bahari ya Shamu.

“Na mtu wa Zanzibar je?” akauliza msichana mmoja, ambaye nadhani atakuwa mwalimu.

Swali zuri. Zanzibar na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini. Mtu wa Zanzibar akitaka kuelekea Makka huelekea kaskazini, basi, bila kugeuka kuume wala kushoto kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mabaharia wa zamani wa pwani waliliita kaskazini lenyewe kibla. Upande wa kusini waliuita suheli, jina la nyota. Nahodha wa jahazi na imamu walitumia neno moja, mmoja kwa safari na mwingine kwa swala.

Na kwa kuwa tumetaja Zanzibar, niwaonye. Mkifika huko siku moja msiseme haraka kwamba mmetoka Shari. Kwetu Shari ni mto na ni mahali. Kwao shari ni balaa, kinyume cha heri. Mtu ataruka nyuma hatua mbili.

Sasa twendeni pwani. Kwenye kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, kuna magofu ya mji uitwao Shanga. Miaka ya 1980 wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mwingereza Mark Horton, walichimba chini ya msikiti wa mawe uliobomoka pale. Chini ya msikiti wakakuta msikiti. Chini ya huo, mwingine. Waliendelea kushuka hadi wakafika kwenye vishimo vya nguzo za miti, alama tu kwenye udongo, za kibanda cha kuswalia kilichojengwa karne ya 8. Kilitosha watu wachache. Kilikuwa cha miti, kama nyumba zetu nyingi za hapa kabla hazijakandikwa udongo.

Na sasa jambo lililonifurahisha mimi kuliko yote. Wale wa kwanza wa Shanga walikosea kibla! Kibanda chao hakikuelekea Makka sawasawa. Misikiti iliyojengwa baadaye juu ya kile cha kwanza ikasogezwa, ikarekebishwa. Niliposoma habari hiyo nilihisi nimepata ndugu. Kumbe kuna fundi mwingine, miaka zaidi ya 1,200 iliyopita, aliyeambiwa kazi yake ni safi, sasa aibomoe.

Watu wa pwani hawakubaki na miti. Baharini mwao kuna matumbawe, mawe yanayojengwa na viumbe vidogo vya bahari. Aina moja ya tumbawe, likikatwa likiwa bado hai ndani ya maji, huwa laini, unaweza kulichonga kama muhogo mbichi. Likikaa juani linakauka na kuwa gumu. Wachongaji walilichonga likiwa bichi: maua, kamba zilizosokotwa, herufi za Kiarabu. Matumbawe mengine waliyapanga juu ya rundo kubwa la magogo, wakawasha moto, wakapata chokaa. Chokaa ile ndiyo ilikuwa saruji yao. Juu waliweka boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko haukui mrefu sana, chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti. Hatua tatu nne za mtu mzima, ukuta. Ukitaka msikiti mpana sharti uweke nguzo katikati, na baada ya hatua tatu nguzo nyingine. Ukiingia msikiti wa kale wa pwani na kuona msitu wa nguzo, usidhani ni pambo. Ni urefu wa mkoko.

Kusini mwa kisiwa cha Unguja, mahali paitwapo Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti ambao kwa nje hauna makuu. Una kuta nene nyeupe na paa la bati, hata ungeupita. Ndani, kuzunguka mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe. Yana tarehe: mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilijengwa upya karne ya 18, lakini yale maandishi ni ya zamani zile. Watu bado wanaswali humo. Fikirini: maandishi yale yalikuwa na umri wa miaka 200 hivi wakati mji wa Kilwa ulipofika kileleni mwa utajiri wake.

Kilwa Kisiwani iko kusini mwa Tanzania. Huko walipitisha dhahabu iliyotoka Sofala, katika Msumbiji ya leo, na dhahabu ikajenga. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza karne ya 11 au ya 12, ukiwa ukumbi mmoja. Karne ya 14 sultani al-Hasan bin Sulaiman akauongeza mara kadhaa ya ukubwa wake wa kwanza, akaweka matao na makuba. Kuba ni lile paa la mviringo kama kibuyu kilichokatwa nusu. Hakuna boriti ndani ya kuba. Mawe na chokaa vinashikana vyenyewe. Mimi nimejenga miaka arobaini na sijawahi kuthubutu. Na wao pia mambo hayakuwaendea vizuri mara moja: sehemu ile iliporomoka, ikabidi waijenge upya karne ya 15, na hiyo ndiyo wanayoiona watalii leo. Unesco iliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Katika magofu mengine ya pwani, kama Gede karibu na Malindi, mtakuta kwenye ukuta wa mihrabu mashimo ya duara, kama sahani iliyobanduka kwenye tope. Zilikuwa sahani na bakuli kweli, za kaure kutoka China na nchi nyingine za mbali, zilizopachikwa ukutani ziwe pambo. Mmoja wa watoto alitaka kujua kama mama yake akikosa bakuli zake atazikuta kwenye ukuta wangu. Nikamwambia aulize polepole.

Mwaka 1331 alifika pwani hiyo msafiri mmoja kutoka Morocco, jina lake Ibn Battuta. Alikuwa na macho kama yenu. Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara sana. Kando ya mlango wa kila msikiti kulikuwa na kisima kifupi, kimoja au viwili. Watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti. Ardhi kuzunguka kisima ilishindiliwa ikawa tambarare, na kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaipangusa kwenye kitambaa kizito kilichowekwa mlangoni. Huyu mtu aliona wafalme na dhahabu, na bado akakumbuka kitambaa cha kufutia miguu! Ndiyo maana namwamini.

Namtaja kwa sababu nyingine. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1352, Ibn Battuta huyo huyo alivuka jangwa la Sahara akaingia himaya ya Mali, Afrika Magharibi. Ni mtu mmoja tu, na miguu yake iliona misikiti ya pande zote mbili za bara letu. Kule hakuna matumbawe, bahari iko mbali mno. Kuna udongo. Timbuktu kuna msikiti wa Djinguereber ulioanza karibu mwaka 1327, baada ya mfalme Mansa Musa kurudi kutoka hija ya Makka, na kuta zake kwa sehemu kubwa ni za udongo.

Mkubwa kuliko yote ya udongo uko Djenné, hukohuko Mali. Huu mnaouona kwenye picha ulijengwa mwaka 1907, mahali palipokuwa na msikiti wa zamani zaidi. Matofali yake hayakuchomwa, ni ya kukaushwa juani, kama yale ambayo baba zenu wanafyatua na kuyaanika kabla ya kuyapanga tanurini. Juu yake lipu ya udongo. Kutoka ukutani zimechomoza safu za vijiti vya mti wa mvumo, msitu mzima wa vijiti, na kazi yake moja ni jukwaa: mafundi hupanda juu yake kama ngazi.

Wanapanda kufanya nini? Ninyi mnaoishi kwenye nyumba za udongo mnajua. Mvua. Mvua ya mwaka mmoja hula lipu. Basi kila mwaka mji mzima wa Djenné huamka siku moja kabla jua halijakolea, kupaka msikiti udongo mpya. Tope limeloweshwa siku nyingi na makapi ya nafaka, na wavulana wameruhusiwa kuingia ndani yake kulikanyaga, jambo ambalo kwenu lingewaletea fimbo. Wanawake na wasichana hubeba maji. Vijana hukimbia na vikapu vya tope, wapigaji lipu wamening'inia kwenye vile vijiti, wazee wa uashi wamekaa chini wanakosoa. Ukuta wenye minara mitatu, unaotazama soko, ndio ukuta wa kibla, na hauelekei kaskazini. Unaelekea mashariki, kwa sababu kwa mtu wa Mali, Makka iko upande wa mawio.

Hapo yule msichana akachukua kijiti akachora mchangani: Makka katikati, Zanzibar chini, Mali kushoto, Shari chini na kushoto kidogo. Akavuta mistari. Yote ikakutana mahali pamoja kama spoki za baiskeli kwenye ekseli. Sikumwonyesha, alichora mwenyewe.

Jioni ya pili waliuliza jambo gumu zaidi: msikiti ulifikaje kwetu Ituri, mbali hivi na bahari?

Ulifika kwa miguu, na si kila mguu ulitembea kwa hiari. Hapa lazima niseme ukweli, hata kama ninyi ni wadogo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Zanzibar waliingia bara wakitafuta pembe za ndovu, na walichukua watu pia, wakawafanya watumwa. Aliyejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Makao yake makuu yalikuwa Kasongo, katika Maniema. Waliokuwa kwenye misafara yao, wapagazi, walinzi, wakalimani, wengi walijiita Wangwana, yaani watu walio huru, wasio watumwa. Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, na ni babu wa hiki tunachozungumza mimi na ninyi sasa. Walileta mpunga pia, ndiyo maana Maniema inajulikana kwa mchele.

Mwaka 1887 msafiri Henry Morton Stanley alipopita msitu wa Ituri akihangaika kwa njaa, alikuta vituo vya wafanyabiashara hao vimeshamtangulia kando ya mto, cha Ugarrowwa na cha Kilonga-Longa. Mahali ambapo Wangwana walikaa zaidi ya msimu mmoja, walipafagia, wakaswali. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Dola Huru ya Kongo lilipigana na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, Kasongo ikaanguka 1893. Wabelgiji waliotawala baadaye waliwatazama Waislamu kwa jicho la mashaka, na misikiti ya Kongo ikabaki midogo, ya miti, udongo na nyasi, kwa miaka mingi. Kwa hiyo usitafute Kizimkazi hapa kwetu. Nyumba ya miti na udongo haiachi gofu. Inaacha watu, na Waislamu wa Kasongo wapo hadi leo.

Pwani yenyewe, wakati huohuo, palitokea mtu wa namna nyingine. Lamu alifika Habib Swaleh, aliyetoka visiwa vya Ngazija, mwanachuoni wa ukoo mkubwa. Akafundisha kila mtu, pamoja na watumwa na watu ambao mabwana wa mji hawakutaka wakae nao mkeka mmoja. Mabwana walinuna. Yeye akaendelea katika kibanda, na kutoka kibanda hicho ukazaliwa Msikiti wa Riyadha, ambao hadi leo kila mwaka hujaza kisiwa kizima wakati wa Maulidi, na mashindano ya punda juu yake. Nataka mjue kwamba wote wawili, Tippu Tip na Habib Swaleh, walielekea kibla kimoja.

Njia nyingine ya kuingia huku ilitoka kaskazini. Askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri kusini mwa Sudan, walikwama upande wetu wa Ziwa Albert baada ya Emin kuondoka, wakiongozwa na Selim Bey. Mwaka 1891 Mwingereza Frederick Lugard akavuka akawakuta mahali paitwapo Kavalli, huku kwetu Ituri, akawachukua na familia zao kwenda Uganda wamsaidie. Wanubi wa Uganda, ambao wengi wenu mna jamaa wanaofanya nao biashara, wengi wametokana na watu wale.

Lugard alikuwa amejenga ngome yake juu ya kilima kimoja, na kilima hicho kikaupa mji jina: Kampala. Nendeni leo juu ya kilima hicho. Ngome mtaiona imejengwa upya pembeni, na katikati umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ulianzishwa enzi za Idi Amin miaka ya 1970, ukakwama muda mrefu, mwishowe ukakamilishwa kwa fedha za Libya, na Muammar Gaddafi akaja kuufungua rasmi mwaka 2008. Saruji, shaba kwenye kuba, mazulia ambayo mguu unazama. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Ukifika juu mapigo ya moyo yanagonga masikioni, lakini Kampala yote iko chini yako, na kila barabara inakimbia kutoka kwenye kilima hicho kwenda upande wake. Misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na mnara kabisa; muadhini alipanda ngazi hadi juu ya paa, basi. Huko Shela, jirani na Lamu, kuna mnara wa mwaka 1829, mnene chini na mwembamba juu kama karoti iliyopinduliwa. Huo mimi naupenda zaidi kuliko wa Kampala, lakini hamkuniuliza.

Uganda kuna kisa kingine cha kibla, na hiki si cha kuchekesha. Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliupenda Uislamu. Tangu 1867 alifunga Ramadhani na akajenga msikiti ikulu. Lakini hakutahiriwa, maana mila ya Buganda haikuruhusu damu ya kabaka imwagike. Baadaye vijana wa ikulu waliojifunza vizuri walianza kukataa: hawataswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, hawatakula nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu, na tena, wakasema, msikiti wa ikulu umeelekezwa vibaya. Mwaka 1876 Mutesa aliamuru wauawe, wakawa makumi. Watoto wakanyamaza. Mmoja akauliza kwa nini hakuwaambia tu mafundi wabomoe. Sikuwa na jibu la kumpa.

Jioni ya tatu akaja kaka wa mmoja wao na simu yake, akasema hayo yote ni ya zamani, siku hizi kuna programu, unaifungua, mshale unakuonyesha kibla. Nikamwambia aifungue. Mshale ukaonyesha upande ule wa msikiti wangu, sawa kabisa. Nikamwambia asogee hapa, karibu na lango langu la chuma. Mshale ukayumba, ukageuka, ukatuonyesha kwa jirani anayepika mandazi. Ndani ya simu kuna dira, na dira huvutwa na sumaku. Chuma kikubwa kikiwa karibu, inadanganyika. Alicheka, lakini aliirudisha mfukoni.

Basi nikawaonyesha njia ya yule mzee wa mkeka, isiyotaka betri. Kila mwaka, siku mbili, jua la mchana hupita juu kabisa ya Makka, utosini kwa Kaaba. Siku hizo ni karibu na 28 Mei na 16 Julai. Saa za Bunia, mwezi Mei ni saa tano na dakika 18 asubuhi, na Julai ni saa tano na dakika 27. Dakika hiyo, popote unapoliona jua, unatazama upande wa Makka, kwa sababu jua liko juu yake. Chomeka fimbo wima ardhini. Kivuli kitalala upande ulio kinyume. Kwa hapa Shari fimbo ya mita moja itatoa kivuli kifupi, sentimita 40 hivi. Vuta kamba kutoka ncha ya kivuli kupitia shina la fimbo, iendelee mbele, na hiyo kamba inaelekea Makka. Yule mzee alinichomekea fimbo yake pale kwenye msingi mwezi Julai, baada ya mimi kukaa wiki kadhaa nikisubiri na matofali yangu yamerundikwa.

Mnajua nini kilifuata. Tarehe 28 Mei, wale wanaosoma zamu ya mchana walifika kwangu saa nne, na fimbo tatu, kamba ya katani na mita ya baba wa mmoja wao. Tuliichomeka fimbo iliyonyooka zaidi kwenye ile pembe tatu, kando ya sombe, kwa ruhusa ya mwenye sombe. Nikaning'iniza timazi pembeni kuhakikisha imesimama wima. Saa tano kasoro dakika tano kivuli kilikuwepo, cheusi, safi. Saa tano na dakika kumi likaja wingu kutoka upande wa ziwa, wingu moja tu, mbingu yote iliyobaki ni buluu. Likakaa. Tulilitazama, tukalitukana kidogo. Dakika ya 18 ikapita. Dakika ya 30 wingu likaondoka.

Tarehe 16 Julai shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo wamesema watakuja wote. Fimbo tumeiacha palepale. Mbuzi wa jirani ameshaiangusha mara mbili.